Treni Iliyomchelewesha Jozko

Katika mji wetu mwanamume hakuchelewa nyumbani kwa sababu ya baa. Alichelewa kwa sababu ya treni. Reli ilipita kati ya kiwanda cha chuma na nyumba zetu za kilimani, na treni za makaa zilikuwa ndefu, zikisimama pale kwenye kivuko bila haya, na wanaume waliotoka zamu wakabaki upande wa pili na makopo yao ya chakula wakisubiri zisogee. Bahati mbaya, baa zote zilikuwa upande huo huo wa pili. Basi mume akifika nyumbani chakula kimeshapoa, mdomo unanuka bia, mkewe akimuuliza kulikoni, jibu lilikuwa moja mji mzima: "Nilishikwa na treni." Leo kiwanda kimeshabomolewa na reli zimeng'olewa, lakini mtu akiingia kanisani katikati ya mahubiri, macho mekundu, bado tunanong'onezana kwamba ameshikwa na treni.

Mama mkwe wangu, Verona Hudak, aliambiwa maneno hayo na mumewe Jozko katika maisha yao yote ya ndoa, na hakuyaamini hata siku moja. Kwa hiyo Emil, mwanawe wa mwisho, ambaye ndiye mume wangu, alipomwomba ruhusa ya kujenga reli ndogo katika chumba cha chini ya nyumba, alikuwa anajitafutia balaa. Nyumba ni ya Mama Verona. Sisi tulihamia kwake alipovunjika nyonga, na mpaka leo ananiita mgeni akikasirika.

"Treni," alisema, akaweka kijiko chini. "Treni imenilia jioni zangu zote na mume wangu. Sasa niifungulie mlango ije ilale kwangu?"

"Ni treni ndogo, Mama. Inaenea kwenye kiganja."

"Hata wewe uliwahi kuenea kwenye kiganja. Jiangalie sasa."

Emil alikuwa kinyozi. Alikata nywele za mji huu tangu ujana wake mpaka magoti yalipokataa kusimama, mwezi wa nane akafunga duka, akaja nyumbani na kitu kimoja tu kutoka dukani: kile kiti chake kikubwa cha kunyolea, chenye ngozi nyekundu na miguu ya chuma. Wanaume wanne walikibeba wakikilaani, wakakiingiza kwa mlango wa chini. Nilimuuliza atakifanyia nini. Akasema hajui, ila hawezi kukiacha peke yake kule.

Reli, hiyo alijua anaitakia nini. Emil alikuwa katika kikundi cha wazee wanaojenga reli za mfano, wenye vichwa vya treni vya kupendeza na milima ya plasta. Kila msimu wa baridi hukusanyika Jumamosi katika nyumba ya mmoja wao, wakamjengea reli yake wote kwa pamoja, msimu unaofuata wakahamia kwa mwingine. Sheria yao ni moja: chumba kwanza, reli baadaye. Chumba kiwe kikavu, dari lisidondoshe vumbi, taa ziwake vizuri, ukuta uwe umeshapakwa rangi ya mbingu. Wakikuta unyevu wanakunywa kahawa yako, wanaondoka, na zamu inakwenda kwa mwingine. Zamu ya Emil ilikuwa imempita mara nyingi. Mara maji yaliingia, mara tanuri la kupashia nyumba joto lilipasuka, mara nyonga ya Mama. Safari hii walimpa hadi Jumamosi ya kwanza ya Desemba, la sivyo zamu ingekwenda kwa Dick Pfeiffer, ambaye tayari ana reli mbili na mke asiyemsemesha.

"Berni," Emil aliniambia kitandani, "sisi si vijana. Ikinipita tena, itakuwa imenipita kabisa." Hakusema kwa kujihurumia. Alisema kama mtu anayesoma saa. Nami nikaamua kwamba reli hiyo itajengwa hata kama mama yake atanikana.

Mama hakukataa muda mrefu. Emil alinuna, na Emil akinuna haongezi chakula. Mama alimpikia holubki, nyama na wali ndani ya majani ya kabichi, akala mbili akasukuma sahani. Siku ya pili vivyo hivyo. Mama Verona anaweza kustahimili vita na njaa, lakini si mtoto wake anayesukuma sahani.

"Chukua hicho chumba," alisema hatimaye. "Toa chochote unachotaka kutoa. Choo hakiguswi."

Hapo lazima niseme kuhusu choo. Nyumba za huku zote zinacho: choo cha kukalia, kule chini, wazi kabisa, kimeegemea ukuta bila mlango wala pazia, kana kwamba fundi alikiweka hapo kwa muda akasahau kurudi. Wageni wakikiona wanacheka mpaka wanashika ukuta. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Mwanamume alitoka kiwandani mweusi kwa masizi, akaingia kwa mlango wa chini, akanawa bombani, akakaa pale, ndipo akapanda ngazi akiwa binadamu. Cha kwetu kimekaa katikati ya ukuta mrefu, kinatazamana na ngazi. Hakuna aliyekitumia tangu Jozko afariki.

Emil alikubali upesi mno. Kwa furaha yake hakufikiri.

Tulianza kutoa vitu. Mama alivuta kiti akakaa jikoni juu, kwenye mlango wa ngazi, na kila kitu kilipita mbele yake kama mizigo forodhani: mashine ya kufulia ya kukamua kwa mkono, pipa la kabichi chachu, mitungi ya pilipili, mti wa Krismasi wa plastiki uliobaki na matawi ya upande mmoja. Alikuwa na neno kwa kila kimoja. Pipa lilirudi chini mara mbili kabla hajaliacha liende.

Kisha kuta. Ni za mawe, na unyevu ulikuwa umezitoa unga mweupe kama chumvi. Emil, kwa sababu ya magoti yake, alisugua sehemu za juu, mimi nikapiga magoti nikasugua za chini, kwa brashi za waya, tukiimba nyimbo za redioni ambazo hakuna anayejua maneno yake yote. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Maji yalikuwa yakiingia penye dirisha la zamani la kumwagia makaa. Emil akatoka nje wakati mvua inanyesha, akasimama na mwavuli kama mpelelezi, akagundua kwamba mfereji wa paa unamwaga maji yote pale pale kwenye msingi. Akaunga bomba likayapeleka mbali, kwenye nyasi. Tukapaka ukuta rangi ya kuzuia maji, tukawasha mashine ya kukausha hewa, na kila asubuhi nikawa nashuka kumwaga ndoo yake. Siku nilipoikuta ndoo ina maji ya kufunika kiganja tu, nilimwita Emil aje aone, tukaitazama ile ndoo wote wawili kama watu waliopata mjukuu.

Dari nalo lilikuwa na visa vyake. Mama akitembea jikoni na fimbo yake, masizi ya enzi za makaa yalianguka kati ya mbao. Tukalifunika kwa bodi. Kwa kuwa mikono miwili haitoshi kushika bodi na kukaza skrubu, Emil alizishikilia kwa kichwa, na kwa wiki nzima kinyozi mwenye upara alikuwa na alama nyekundu utosini. Tukafunga taa za tyubu. Tukapaka sakafu rangi ya kijivu. Mwisho tukazungushia kuta bodi nyembamba, laini, zilizopindwa kwenye pembe ili mbingu isiwe na kona. Emil akaipaka buluu, buluu safi kabisa, akarudi nyuma na brashi mkononi akitabasamu mwenyewe.

Siku hiyo Mama Verona alishuka. Alishuka ngazi moja moja, fimbo kwanza, akafika, akazunguka chumba kizima kwa macho yake.

"Hii mbingu ya wapi?"

"Ya hapa, Mama."

"Hapa? Nimefua shuka za watu saba chini ya mbingu ya hapa. Nilianika nyeupe nikaanua kahawia. Hii buluu sijawahi kukutana nayo."

"Watu wanapenda buluu."

"Watu gani? Wa Florida, kwenye jua?"

Emil akatia tone la rangi ya kahawia kwenye ndoo, akakoroga.

"Ongeza," alisema Mama.

Akaongeza.

"Ongeza. Na kijivu. Usiogope, hainyolewi hii."

Maisha yake yote Emil ameamriwa na watu waliokaa kwenye kiti, punguza hapa, acha pale, kwa hiyo alimtii bila kinyongo. Mbingu iliyotoka ilikuwa chafu, nyekundunyekundu kwa chini kule kiwanda kitakapokaa, na nilipoitazama nilishtuka kwa furaha. Ilikuwa mbingu ya baba yangu. Ilikuwa mbingu ya kwenda shule na mkate mfukoni. Nilimbusu yule bibi shavuni, akanisukuma akisema nina rangi puani.

Kisha akaona mstari wa penseli. Emil alikuwa ameuchora ukutani, kimo cha meza, kuonyesha mahali reli itakapopita. Mstari ulizunguka chumba, ukafika kwenye choo, ukakatika, ukaanza tena upande wa pili.

"Nilisema hakiguswi."

"Sijakigusa, Mama."

"Umekitazama."

Hapo ndipo furaha yetu ilipoingia doa. Emil alitaka reli iwe chini, kimo cha meza, aweze kuiendesha amekaa, kwa sababu magoti yake hayampi hata robo saa ya kusimama. Kwa kimo hicho reli iligonga tangi la choo. Kukizunguka kwa mbele hakukuwezekana, ngazi na tanuri vilibana nafasi. Treni ingetoka kiwandani, ifike kwenye choo, irudi nyuma. Alimpigia simu Lamont Tibbs, kiongozi wa kikundi, dereva mstaafu wa mabasi na mtu asiyezungushazungusha maneno. Lamont alimwambia reli isiyozunguka chumba ni rafu yenye treni, na wao hawajengi rafu.

"Mwambie tena mama yako," nilimshauri.

"Nimwambie nini? Hakitumii. Anakilinda kwa nini?"

Mimi pia sikujua. Nilidhani ni ukaidi tu, maana upo wa kutosha.

Jumapili baada ya misa Emil alipanda kusafisha mfereji, nami nikaenda kumwaga ndoo. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi kidogo. Nikasikia sauti ya Mama. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, karibu na chini, na koti na kofia yake ya kanisani, ameugeukia ukuta kwa adabu, choo kikiwa ubavuni kwake.

"…padri ana mafua, kwa hiyo tumetoka mapema, Mungu amsaidie. Berni ametia chumvi nyingi kwenye supu tena. Emil anavuruga ukuta wako. Lakini ukuta unapendeza, Jozko. Amepaka mbingu, nimemrekebisha."

Akanyamaza, kama mtu anayepisha mwenzake aseme. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha msichana, ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake.

Ningekuwa na adabu ningeondoka. Nilisubiri jikoni, na alipopanda nikamwekea chai, nikamuuliza. Alinitazama akipima kama atanikana au atanijibu.

"Juu kulikuwa na watoto watano wakipiga kelele," alisema. "Juu alikuwa baba wa watu, anakula, analala. Pale chini alikuwa Jozko. Anakaa pale, mimi nakaa ngazini nimegeuka, namwambia, 'Umechelewa, Jozko.' Ananiambia ameshikwa na treni. Halafu tunaongea. Kila kitu aliniambia pale. Nani ameungua, nani atafukuzwa, kwamba anaogopa. Mwanamume aniambie anaogopa, Berni, kwa sababu tu simtazami." Akakoroga chai isiyo na sukari. "Kila kitu isipokuwa baa. Hilo alikufa nalo. Na ukimwambia Emil, utahama."

Mimi siri naiweka vizuri sana. Ila si mbele ya spana.

Alhamisi wanawake wa parokia hukusanyika ukumbini kutengeneza pirohi, kama sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, za kuuza siku ya pili, na Mama Verona hukaa mwanzo wa meza akibana kingo na kukosoa za wenzake. Nilimpeleka, nikagundua nimesahau aproni, nikarudi. Nikakuta maji ya nyumba yamefungwa. Nikashuka. Emil alikuwa amepiga magoti mbele ya choo, spana mkononi, jasho linamtoka.

"Weka chini hiyo," nilisema.

"Atazoea, Berni. Nitamwekea chungu cha maua hapa."

"Weka chini, nikueleze."

Nikamweleza yote, ngazi, ukuta, kofia ya kanisani. Aliweka spana sakafuni polepole. Akafunika choo, akakaa juu ya kifuniko, akaweka mikono mapajani.

"Nilikuwa nawasikia," alisema. "Nikiwa mdogo. Kwenye tundu la hewa ya moto chumbani kwangu. Sauti yake, sauti ya Mama, sauti yake. Sikusikia maneno. Nilikuwa nalala nayo. Nilidhani ndivyo tanuri linavyolia." Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyafuta. "Na mimi nimekuja na spana."

"Umekuja na spana. Sasa rudisha maji, nina pirohi zinaningoja."

Lakini sikuondoka. Nilimtazama alivyokaa pale, kichwa chake kinafika wapi ukutani, tangi la choo linaishia wapi, na pale juu ya tangi kulivyo na nafasi tele, mbingu tupu. Nikamwambia apandishe reli. Iwe kimo cha kifua, ipite juu ya choo, choo kikae chini yake kwa raha zake.

"Na magoti? Nitaendesha nimesimama?"

Kile kiti cha kunyolea kilikuwa katikati ya chumba, kimefunikwa shuka lenye madoa ya mbingu. Nikavuta shuka.

"Emil, hiki kiti si kinapanda?"

Aliniangalia. Akaangalia kiti. Akainuka, akakikalia, nami nikakanyaga pampu yake. Kinyozi akaanza kupanda juu, mara moja, mara ya pili, mpaka kifua chake kikawa sawa na mahali nilipomwonyesha. Halafu akasukuma ukuta kwa mkono, kiti kikazunguka, na Emil akazunguka nacho, akipita mbele ya mahali pa kiwanda, pa mto, pa kilima, kisha choo, ngazi, na pa kiwanda tena.

"Maisha yangu yote nimepandisha watu wengine," alisema akiwa amenipa kisogo, kisha uso, kisha kisogo. Alikuwa anacheka kama mtu aliyetekenywa, nami nikacheka mpaka nikakaa ngazini. Nilichelewa kwenye pirohi. Wakaniuliza nilikuwa wapi, nikawaambia nilishikwa na treni.

Alifuta mstari wa penseli akachora mwingine juu zaidi. Tukafunga vishikizo, tukakata plaiwudi, tukaipima kwa pima maji mpaka tukaota pima maji. Siku ya Shukrani tulikula bata mzinga tukiwa na rangi kwenye kucha. Mama aliuona mstari mpya ukipita juu ya choo, akautazama sana, na wakati wa chakula cha jioni akampa Emil paja bila kuombwa. Kwa siku kadhaa Emil alijifungia na kioo cha kukuzia na brashi nyembamba kuliko kope, akifanya kitu ambacho hakutaka tukione.

Jumamosi wakaja. Lamont Tibbs mbele, nyuma yake wazee wengine na maboksi ya reli, na Stush Wojcik, mzee kuliko wote, aliyefanya kazi kiwandani zamu moja na Jozko. Dick Pfeiffer alikuja pia, kuangalia kama tutashindwa. Lamont alitoa leso nyeupe. Akaipitisha ukutani, akaitazama. Akaipitisha darini, akaitazama. Akaigusa sakafu penye kona ya dirisha la makaa, akaitazama muda mrefu zaidi. Emil alikuwa amesimama kama mtoto anayesubiri sindano. Lamont akakunja leso akairudisha mfukoni, ikiwa nyeupe vilevile.

"Na hiki?" akauliza, akionyesha choo.

"Hicho kinabaki," Emil alisema. "Kama hakiwapendezi, nendeni kwa Pfeiffer."

"Kwa Pfeiffer napanda ghorofa mbili kila nikishikwa na mkojo," alisema Lamont. "Mwaka huu Mungu ametukumbuka. Fungueni maboksi."

Desturi yao ni kwamba mwenye nyumba anachagua pa kuweka kipande cha kwanza cha reli. Wengi huchagua stesheni. Emil alionyesha pale juu ya choo. Hakuna aliyecheka, au walicheka kimoyomoyo. Wakalaza reli, kila mmoja akagongelea kimsumari chake, hata Pfeiffer, hata mimi. Ilikuwa vipande vichache tu, kutoka pembeni hadi pembeni mwa ukuta ule, na katikati Emil alikuwa ameshapaka mkanda mweusi wa barabara unaokata reli. Kivuko. Kushoto kwake mbingu ilikuwa nyekundunyekundu, kulia palikuwa pa kilima na nyumba zetu.

Nikasikia fimbo ngazini. Mama Verona alikuwa anashuka, amevaa kofia yake ya kanisani. Alikaa kwenye ngazi yake. Safari hii hakuugeukia ukuta.

Emil akatoa kiberiti kwenye mfuko wa shati. Ndani, kwenye pamba, kulikuwa na mtu mdogo kama punje ya mchele, amevaa koti la kijivu, kofia imelalia sikio la kushoto, kopo la chakula mkononi. Akamsimamisha kwenye kivuko, upande wa kiwandani. Kisha akaweka kichwa cha treni na mabehewa ya makaa juu ya reli, akamletea mama yake kisanduku cha kuendeshea.

"Mama, anza wewe."

"Mimi na treni hatusalimiani."

"Kizungushe hicho kifundo, Mama. Taratibu."

Alikizungusha. Treni ikatoka pembeni ikinguruma kidogo, ikapita mbele ya mbingu chafu, nasi wote tukashusha pumzi. Ilipofika kwenye kivuko Mama akaizima. Ikasimama pale pale, mabehewa yamefunga barabara, na yule mtu mdogo nyuma yake na kopo lake, anasubiri. Haikuwa bahati mbaya. Nilimwona jinsi alivyolenga.

"Stush," alisema, bila kuondoa macho yake pale. "Wewe ulikuwa naye. Umri huu wa kudanganya umetupita. Ilikuwa treni au ilikuwa baa?"

Stush alivua kofia. Akamtazama Emil, Emil akatazama sakafu.

"Vyote viwili, shemeji," alisema. "Treni ilikuwepo kweli. Baa ndiyo ilikuwa karibu nayo."

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa taa. Mama mwenyewe alicheka mpaka kofia ikasogea, akifuta macho kwa kiganja, akisema, "Washenzi nyinyi, washenzi wote." Kikatulia. Stush bado alikuwa ameshika kofia.

"Lakini shemeji, sisi tulikuwa tunaingia ndani. Jozko alikuwa anakunywa moja, anatoka, anasimama kwenye kivuko. Kwenye theluji pia. Tunamwita, hasikii. Alikuwa anasema kuna mtu anamsubiri ngazini."

Mama Verona alikaa na kisanduku mapajani, kidole gumba chake kikipapasa kile kifundo. Halafu akakizungusha, na treni ikasogea, behewa baada ya behewa, ikamaliza kupita, ikaenda kusimama pembeni kabisa. Barabara ikawa wazi.

"Emil," alisema, "mvushe baba yako. Supu inapoa."

Emil alikwenda pale juu ya choo, akamshika yule mtu kwa vidole viwili, kwa ulaini ule aliowashikia watoto sikio asiwakate, akamnyanyua juu ya reli, akamshusha upande wa nyumbani.

"Umechelewa, Jozko," alisema Mama.